Ziara ya mada Bagamoyo: asubuhi naipa nyota tano, alasiri mbili

Kama jumuiya yenu imeletewa tangazo la ziara ya siku moja Bagamoyo, lile lenye kichwa cha "Je, nje ya Kanisa kuna wokovu?", nisomeni kwanza kabla hamjaanza kuchangishana. Mie na wenzangu wa Tanga tumeshakwenda. Tulilipa shilingi 35,000 kila mtu, na humo mna kiongozi wa matembezi, chakula cha mchana, maji ya kunywa na mada ya alasiri. Nauli ni juu yako. Waandaaji siwataji jina, kwa kuwa nusu ya nitakayosema haitawapendeza, na wenyewe si watu wabaya. Ila fedha imetoka, na aliyelipa ana haki ya kusema alichopata.

Mjue basi nani anaandika. Mie ni mkunga mstaafu. Nimezalisha Tanga mjini, nimezalisha Muheza, nimezalisha hadi ndani ya basi lililoharibika karibu na Hale. Kwa mtu wa kazi yangu ubatizo si swali la darasani. Mtoto ametoka amelegea, pumzi inakuja na kupotea, mama yake Mkatoliki anakushika mkono, "Nesi, mbatizie mwanangu." Paroko utampata wapi saa nane za usiku? Maji safi kichwani, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," huku mwenzako anaendelea na mfuko wa kupumulia. Wengine niliwawahi, wengine sikuwawahi. Kwa hiyo tangazo lile lilipofika kwenye kundi letu la WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nilitoa fedha yangu bila kuuliza menyu.

Kijana aliyetuongoza asubuhi ni wa hapo hapo Dunda. Alijitambulisha mapema kuwa yeye ni Mwislamu, ili mtu asishangae adhuhuri akituomba dakika chache za kuswali. Mzee mmoja wa msafara wetu akaninong'oneza, "Sasa huyu ndiye wa kutusimulia habari za mapadri?" Ndiye. Na alizisimulia kuliko wengi wetu tuliokulia uani mwa parokia.

Alianzia ufukweni penye msalaba. Akatupa mwaka, 1868, Mapadri wa Roho Mtakatifu wanavuka kutoka Zanzibar, Padri Antoine Horner akiwa mkubwa wao, kuja kuanzisha misheni huku Bara. Kisha tukapita njia ya miembe, akaeleza kijiji cha uhuru, watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, wakapewa pa kuishi, shule, ufundi, mashamba, baadaye ndoa. Hakupaka sukari. Alisema mtoto aliyenunuliwa ili awe huru hakuulizwa kwanza kama anaitaka dini ya aliyemnunua. Akanyamaza, akatuacha tutembee nayo. Hapo nilijua fedha yangu haikupotea, maana hilo nalo limo ndani ya swali tulilolifuata. Mtu hupewa maji, lakini nia inatoka wapi?

Tulikaa sana penye mnara wa kanisa la zamani, lile la mwaka 1872, ambao watu wanauita Mnara wa Livingstone. Mnaijua habari yenyewe. Daktari Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia sasa. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakauzika moyo wake huko huko, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu miezi na miezi hadi Bagamoyo, na Februari 1874 ukalazwa hapa misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa kuzikwa Westminster Abbey. Shuleni tulikariri. Jambo ambalo shuleni hawakulisema ni kwamba Livingstone alikuwa Mprotestanti wa Uskochi, mmisionari wa upande mwingine kabisa, na waliompokea ni mapadri Wakatoliki wa Ufaransa, miaka ambayo pande hizo mbili hazikuwa zikialikana hata chai.

Mzee wetu akauliza, "Walimwombea, au walimhifadhi tu?"

Kijana akajibu, "Mzee wangu, mimi najua walimpokea. Walichosema mioyoni mwao hakimo kwenye makumbusho."

Kuhusu makumbusho yenyewe sina mengi, nendeni mkaone wenyewe, yamo katika nyumba ya zamani ya masista na yanafaa kupewa muda zaidi ya tuliopewa sisi. Makaburi ya wamisionari nayo tuliyapita haraka, ingawa mie ningekaa, maana waliolala pale wengi walikufa vijana.

Kituo cha mwisho cha asubuhi hakikuwa hata kwenye ratiba. Kijana alitaja kwamba mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, shirika jingine la wamisionari, kwenda Uganda ulipangwa na kuondokea hapa hapa Bagamoyo. Katekista wetu, mzee ambaye kwa kawaida humsikii mpaka umwulize, akasimama chini ya mwembe akaudaka mpira. Alisema mbegu iliyotokea Bagamoyo ndiyo iliyozaa Mashahidi wa Uganda, na kati yao yumo Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa bado ni mkatekumeni, yaani bado anafundishwa ili abatizwe. Hakuwahi kupata maji. Kanisa likamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964, likisema damu yake ndiyo ubatizo wake. Na siku hiyo Papa Paulo VI aliwakumbuka pia Waanglikana waliouawa kwa ajili ya jina hilo hilo la Kristo. "Mwezi mmoja baadaye," akamalizia katekista, "Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu wa dunia nzima, ukapitisha hati ya Mwanga wa Mataifa, juu ya Kanisa." Watu wakapiga makofi. Nasema wazi kwamba mada ya siku ile ilitolewa na katekista wa Tanga, bure, chini ya mwembe.

Chakula kilikuwa kizuri, wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha na kachumbari, na pilipili imewekwa pembeni kwa adabu. Maji yalikuwa ya baridi.

Sasa alasiri. Ukumbi una feni mbili, moja haifanyi kazi. Kipaza sauti kinakoroma. Hayo tungevumilia. Mtoa mada ni bwana msomi, ana sauti nzuri na suti nzito kwa joto lile, na alianza na Sipriano wa Kartago, askofu wa Afrika Kaskazini wa karne ya tatu, "Nje ya Kanisa hakuna wokovu." Akaja kwa Papa Bonifasi VIII, aliyelikazia neno hilo hilo mwaka 1302. Akaja Mtaguso wa Firenze mwaka 1442, akasoma polepole lile fungu zito linalosema wapagani, Wayahudi, wazushi na waliojitenga hawataurithi uzima wa milele wasipoungana na Kanisa kabla ya kufa, hata kama mtu amemwaga damu yake kwa jina la Kristo. Maneno hayo yapo, hakuyatunga. Kisha akafunga kitabu, akasema ubatizo wa tamaa, yaani ule wa mtu aliyeutamani akafa kabla ya maji, ni uvumbuzi wa watu laini wa siku hizi, na kwamba padri mmoja wa Marekani, Leonard Feeney wa Boston, aliteswa kwa sababu tu ya kusema kweli.

Mama mmoja wa Muheza akanyoosha mkono. Alisema mwanawe alifia tumboni, mimba ya miezi tisa, nguo nyeupe ya ubatizo imeshanunuliwa. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, ikabidi arudie.

Mtoa mada akamjibu, "Mama, Kanisa haliwezi kukudanganya. Bila maji, hakuna mbingu."

Mficha uchi hazai. Nikasimama. "Mwalimu, naomba kuuliza. Mtaguso huo wa Firenze ndio ule ule uliosema mwaka 1439 kwamba penye dharura hata mwanamke, hata mpagani, anaweza kubatiza, ilimradi atumie maneno ya Kanisa na akusudie linalokusudia Kanisa?"

Akasema ndiyo, lakini hilo ni jambo jingine.

Nikamweleza. Usiku mmoja wodini nilikuwa na mzazi anayevuja damu, na kitanda cha pili kuna mtoto anayekwenda. Mwenzangu wa zamu, Mwislamu anayefunga Ramadhani na sita za Shawali juu yake, alisikia mama anaomba, akaniuliza maneno, nikamtajia huku mikono yangu imezama kwenye damu, akachukua maji akambatiza. Mtoto alikufa alfajiri. Paroko alikuja akauliza mambo matatu, maji yalikuwepo? maneno yalikuwa yapi? alikusudia nini? Kisha akaandika jina la mtoto kwenye kitabu cha ubatizo. Hadi leo ndiyo sheria ya Kanisa, kanuni ya 861. Basi nikamwuliza mwalimu, Kanisa linalopokea kazi ya mkono ule, linafundisha kwamba Mungu hamjui mwenye mkono?

Akasema muda umekwisha, tukasimama kwa sala.

Najua swali langu halimalizi ubishi. Kubatiza na kuokoka ni mambo mawili. Lakini mtu aliyelipwa kufundisha Firenze anapoisoma 1442 na kuiruka 1439 ameuza nusu ya mzigo kwa bei ya mzima. Na nusu hiyo si ndogo. Nilipofika Tanga niliomba vitabu parokiani, nikakaa navyo barazani, na nikaona mengine aliyoyaruka.

Sipriano aliyaandika maneno yale katikati ya ugomvi. Watu walikuwa wamebatizwa na wazushi, sasa wanarudi Kanisani. Je, wabatizwe upya? Sipriano alisema ndiyo, kwa kuwa huko nje hakuna ubatizo. Papa Stefano akasema hapana, ubatizo wao unatosha. Kanisa likasimama na Stefano. Yaani mwenye msemo wenyewe alishindwa katika kesi ile ile aliyoutumia. Bwana wa suti hakuligusa hilo.

Hakumgusa Askofu Ambrosio wa Milano pia, ambaye mwaka 392 alimzika Kaisari wa Roma, Valentiniano II, kijana aliyekuwa ameomba ubatizo akafa kabla hajaupata. Ambrosio aliwatuliza dada zake marehemu kwa hoja nyepesi, kwamba alichokiomba amekipata. Hao ndio watu laini wa siku hizi? Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulisema mtu hafiki kwenye kuhesabiwa haki bila maji ya ubatizo au tamaa yake. Trento! Hakuna aliyewahi kuwaita watu wa Trento walegevu. Na Papa Pius IX, mkali wa kutosha, aliandika mwaka 1863 kwamba wasioijua dini ya kweli bila kosa lao, wakaishika sheria ya Mungu iliyoandikwa mioyoni, wanaweza kuufikia uzima kwa nuru na neema yake. Huyo ndiye aliyekuwa Papa siku mwili wa Livingstone ulipolazwa Bagamoyo.

Kuhusu Padri Feeney, tuseme kweli yote. Mwaka 1949 ofisi ya Roma inayolinda mafundisho ilimwandikia Askofu Mkuu wa Boston kueleza msemo ule unaeleweka vipi, kwamba si lazima kila mara mtu awe ameandikwa kuwa mwanakanisa, anaweza kuwa ameungana nalo kwa tamaa, hata tamaa ambayo yeye mwenyewe hajui kuitaja, mradi iwe na imani na mapendo ya kweli ndani yake. Feeney aliitwa Roma, akakataa kwenda, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa kwa ukaidi. Aliyekuwa akipiga mbiu kwamba walio nje wamepotea akajikuta yeye ndiye yuko nje. Alipatanishwa mwaka 1972, akafa 1978, na nafurahi kwa ajili yake. Ila kumsimulia kama shujaa na kuliacha lile barua la 1949 si ufundishaji.

Na yule mama wa Muheza? Hilo ndilo linalonikera kuliko feni na kipaza sauti. Kanisa halijawahi kutangaza kama fundisho la imani kwamba watoto wanaokufa bila maji wamefungiwa mbingu. Habari za limbo, mahali pa kando pa watoto wasiobatizwa, zilikuwa maelezo ya wanataalimungu, wasomi wa mambo ya Mungu, na hazikuwahi kuwa imani ya lazima. Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na inatuachia tumaini. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilitoa hati nzima juu ya tumaini hilo, kwa ruhusa ya Papa Benedikto XVI. Tumaini, hawakusema hakika, na mie sitaongeza neno. Lakini "hakuna mbingu" hakuliandika yeyote kati yao. Hata mazishi ya Kanisa sheria inaruhusu, askofu akikubali, kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Nguo nyeupe iliyokwisha kununuliwa ni kusudio gani kama si hilo? Nilimtafuta yule mama kituoni nikamweleza, tukakosa basi la kwanza.

Nina sababu nyingine ya kukasirika. Mume wa mdogo wangu alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, alikulia bila dini yoyote, uzeeni akaingia ukatekumeni mwenyewe bila kusukumwa. Alikuwa abatizwe mkesha wa Pasaka. Kiharusi kikamchukua Kwaresima. Paroko wetu alimzika kwa ibada kamili, na sheria iko upande wake, kwani kwenye mazishi wakatekumeni wanahesabiwa pamoja na waamini. Katekisimu, 1259, inasema wazi kwamba mkatekumeni aliyekufa na tamaa hiyo, pamoja na toba na mapendo, amehakikishiwa wokovu. Hata hivyo mdogo wangu alikaa kwenye ukumbi ule, kiti cha mbele yangu, akasikiliza yote. Njia nzima mpaka Msata hakusema kitu.

Msidhani natetea upande wa pili, ule wa mezani wakati wa chakula. Dada mmoja alituambia dini zote ni sawa tu, ubatizo ni desturi, tusihangaike. Ningekuwa naamini hivyo ningekimbilia maji usiku wa manane kwa nini? Mwanga wa Mataifa, namba 14, unasema anayejua kwamba Mungu ameliweka Kanisa kuwa la lazima, kisha akakataa kuingia au kubaki, hawezi kuokoka. Na hapo hapo unaongeza kwamba aliyemo ndani kwa mwili tu, bila kudumu katika mapendo, naye haokoki. Hilo la pili sikulisikia kwa bwana wa suti wala kwa dada wa mezani. Namba 16 ndiyo inayowataja Waislamu kwa jina, wanaomwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma. Kanisa linayashika yote, halijafunga mlango na halijaung'oa. Kwamba yanaungana vipi, wanataalimungu wanabishana mpaka leo, na mie napenda kuwasikiliza wakibishana vizuri. Nilichokilipia ni ubishi mzuri.

Kuna kijitabu pia, wanakiuza mlangoni shilingi 3,000. Ni kurasa za fotokopi zilizobanwa kwa pini, herufi ndogo, mwaka wa Trento umekosewa. Msinunue. Kwa fedha hiyo mnapata madafu.

Nimewaandikia waandaaji. Wamejibu kwa heshima, wamesema mtoa mada huyo ni wa kujitolea na watalitafakari jambo hilo. Nyota zangu mbili za alasiri, moja ni ya feni iliyokuwa ikifanya kazi, na nyingine ni ya majibu yao, maana wengi hawajibu.

Mkiamua kwenda, na asubuhi peke yake inatosha kuwatoa nyumbani, fanyeni hivi. Waambieni mnataka matembezi na chakula, mada mtajitolea wenyewe, mjadiliane bei ishuke. Chukueni padri wenu au katekista anayesoma. Kutoka Tanga shukeni Msata mkamate Coaster za Bagamoyo, ila fikeni Ijumaa jioni mlale, maana jua la saa tano pale ufukweni halina utani na wazee. Kofia, viatu vya kufunga, maji ya ziada. Choo cha ukumbini hakina maji ya kutosha, kile cha pale mlipokula ni safi. Na yule kijana wa Dunda mwombeni kwa simu mapema kabla hajachukuliwa na wageni wengine, kisha mpeni chochote mkononi, kwa sababu katika zile 35,000 kinachomfikia yeye ni kidogo mno.

Mie nilimwuliza wakati wa kuagana, kwa utani wa kikwetu, kama yeye anadhani sisi Wakatoliki tutaingia peponi. Akacheka. "Bibi, mie kazi yangu nawafikisha makaburini na kuwarudisha stendi. Huko kwingine muulizeni Mwenyewe." Nyota tano.